Mkono wa Pili Usiambiwe

Marahaba, wanangu. Nawajibu kabla hamjaniamkia, maana najua mngeanza na shikamoo, na mimi nikishaanza kusalimiana simalizi upesi. Mwalimu wenu wa sayansi hapa Kilindoni ameniomba niwaandikie nyinyi mnaokwenda kusomea maabara. Kaniambia, "Bi Asya, waandikie kitu cha kuwatia moyo." Nimejaribu. Kila nikikaa kuandika cha kutia moyo, naiangalia mikono yangu, na mikono hii inachokumbuka ni woga. Basi nitawaandikia woga, na naamini utawafaa zaidi.

La kwanza kabisa: kateni kucha. Msicheke. Yule aliyenifundisha kazi alinirudisha nyumbani siku yangu ya mwanzo kwa sababu ya kucha, na nilikuwa nimezipaka hina ya sikukuu, nimependeza. Akaniambia, "Hina kaa nayo, kucha ziache huko ulikotoka." Kucha ndefu hutoboa glavu, na huwezi kuhisi kitu kidogo chini ya ngozi kama ukucha unatangulia mbele ya kidole. Tena pasheni mikono kabla hamjamgusa kiumbe yeyote. Mkono wa baridi humfanya akaze mwili, na mwili uliokaza hauwaambii kitu.

Aliyenirudisha aliitwa Bi Shamsa. Mimi nimezaliwa Kirongwe, hapa hapa Mafia, lakini upande wa mama tuna ndugu Omani, nikapelekwa Maskati kwa mjomba nikamsaidie mkewe kulea. Watoto walipokua, mjomba akanisomesha, nikaangukia kwenye maabara moja ya utafiti. Bi Shamsa ndiye alikuwa mkubwa wa chumba chetu. Baba yake alikuwa Mwarabu wa Unguja, na Kiswahili alikuwa nacho kitamu. Alikitumia anapotaka kunigomba bila wengine kuelewa, na siku hizo zilikuwa nyingi.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chanjo ya kuzuia uvimbe wa saratani kwa panya. Si chanjo kama ya surua mliyochomwa nyinyi. Hii ilitengenezwa kwa seli hai. Ndani ya mwili mna seli zenye matawi matawi, ukiziona kwenye hadubini utadhani matumbawe. Kazi yake ni kubeba habari. Hukamata kipande cha adui, hukimbia nacho hadi kwenye tezi, wanakokaa askari wa mwili, na kuwaonyesha: mkimwona mwenye sura hii, mmalizeni. Bi Shamsa aliziita wambea. "Leo wambea wangu wameamkaje?" ndiyo salamu yake ya asubuhi, kabla hata hajatuuliza hali sisi watu.

Sasa tabu ya saratani ni kwamba ni nyama ya mwili wenyewe iliyoharibika. Haina sura ya ugeni. Wambea huipita tu, kama unavyompita jirani mlangoni. Kwa hiyo tuliwalea nje. Tulichukua uboho wa mfupa wa paja la panya, tukauweka kwenye chupa ndani ya kabati la joto, tukauhudumia mpaka wambea wakatokea. Tukawapa vipande vya uvimbe uliokwisha kuuliwa wavishike na kuvijua. Tukawaivisha. Kisha tukawarudisha kwa panya mzima, asiye na ugonjwa, wakaeneze habari. Hapo tena, baada ya muda, ndipo tulipompandikizia yule panya uvimbe ulio hai, tuone mwili wake utaukataa au utaupokea.

Na kazi iliyobaki ilikuwa ya vidole. Kila asubuhi tulipapasa mbavu za panya kutafuta. Uvimbe huanza ukiwa punje ya mtama. Mafuta hukimbia chini ya kidole, tezi hucheza, lakini kitu kile hukaa kimejishikiza. Ukishakihisi mara moja hutakisahau, na natamani ningeweza.

Bi Shamsa alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu. Vibao vya vizimba vilifunikwa, usijue yupi kachanjwa na yupi hakuchanjwa. Ukimaliza kupapasa wewe, anakuja mwenzako kupapasa palepale, na wewe humwambii ulichokuta. Huruhusiwi hata kukunja uso. "Asya," aliniambia, "mkono unaotamani chanjo ifaulu utapita juu ya uvimbe usiuhisi. Si uongo, ni kutamani. Ndiyo maana wa pili haambiwi." Mwanzoni niliona anatudharau. Baadaye nikaanza kujiona mwenyewe, vidole vyangu vinavyokuwa vyepesi juu ya panya niliowapenda.

Mnataka kujua nilichokiogopa zaidi? Ni vitu viwili.

Cha kwanza ni kile kipande cha uvimbe tunachowapa wambea. Lazima kiwe kimekufa. Tulikiua kwa kukigandisha na kukiyeyusha, tukirudia na kurudia, kisha tukakidondoshea rangi ya buluu na kutazama kwenye hadubini. Seli iliyokufa hunywa rangi. Iliyo hai huikataa, inakaa inang'aa peke yake. Siku moja mwenzetu mmoja alikuwa na haraka, anatakiwa harusini Nizwa, gari inamngoja nje, akafupisha kugandisha. Bi Shamsa akachungulia kabla hatujaendelea. Akaniita, "Njoo uone." Katikati ya ile buluu yote kulikuwa na moja inang'aa. Angalieni hapo: kitu tulichokiita chanjo kilikuwa kinakwenda kupanda ugonjwa. Tulimwaga kila kitu, na mimi nikashindwa kula siku ile, kwa sababu nilifikiria kama anayechanjwa angekuwa mtu.

Cha pili ni mbea asiyeiva. Seli zile zikirudishwa mwilini kabla hazijaiva, hubeba habari ileile lakini bila kelele. Askari wanaonyeshwa sura ya adui kwa upole, wanadhani wanatambulishwa mgeni. Basi siku wakikutana naye wanamwachia njia. Tuliwahi kuwa na kundi la panya namna hiyo. Walikuwa wamechanjwa, na uvimbe wao ulikua upesi kuliko wa wale ambao hawakuchanjwa kabisa. Nilipapasa nikadhani nimekosea kizimba. Mwenzangu akapapasa, naye akadhani amekosea. Tangu siku ile sikuweza tena kusikia neno chanjo na kupumua kwa raha, wakati dunia nzima ikilisikia inapumua.

Lakini msidhani ilikuwa balaa tupu. Walikuwapo panya tuliowachanja vizuri, tukawapandikizia uvimbe, tukawapapasa asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna kitu. Ngozi laini. Wanakula, wanagombana. Bi Shamsa aliwatazama siku moja akajifuta macho na mkono wa koti, kisha akanigomba kwa sababu nilimwona.

Nikastaafu, nikarudi Mafia. Hapo ndipo mnaponijua.

Habari ilikuwa imenitangulia. Wifi yangu, Bi Mize, mke wa kaka yangu, alikuwa ameshatangaza kila shughuli kwamba Asya anarudi na chanjo ya uvimbe. Nilieleza hadi koo likakauka kuwa ni ya panya, kwamba kwa binadamu wataalamu wa nchi nyingine bado wanahangaika nayo, kwa baadhi ya wagonjwa, hospitalini, na kwamba mimi sikuja na hata sindano. Watu husikia chanjo, panya hawamsikii. Wanawake walinijia na watoto wao barazani. Mzee mmoja wa kisiwa cha Bwejuu alivuka na mbuzi mwenye uvimbe shingoni. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii haijawa dawa ya watu." Akaniambia, "Nimesikia, bibi. Huyu si mtu." Nilimpa chai, na mbuzi tukampa maganda ya ndizi.

Nilicheka sana siku ile. Kicheko hicho kinaniuma sasa.

Rukia ni binti wa wifi yangu Mize na kaka yangu, mtoto niliyemwona anatambaa nilipokuja likizo. Aliposwa na kijana wa Utende, anaitwa Haji, fundi wa mashine za boti. Akawekwa ndani kabla ya harusi, akawa anasingwa. Kwa nyinyi ambao hamjamaliza kuyaona haya: bi harusi hukaa ndani, akapakwa singo ya liwa na manjano na mawaridi, akasuguliwa mwili mzima mpaka ngozi ing'ae. Mwenye kazi hiyo ni somo wake, yaani kungwi. Somo wa Rukia alikuwa Bi Kidawa, mwanamke wa maneno mengi na mikono yenye nguvu, amesinga nusu ya maharusi wa Kilindoni. Na mimi shangazi nikapewa heshima ya kusaidia.

Tulikuwa tunacheka. Bi Kidawa alikuwa anamfundisha Rukia mambo ambayo siyaandiki hapa, mwalimu wenu atasoma. Mimi nasugua upande wa kushoto, kutoka kwapani kushuka. Na vidole vyangu vikasimama.

Havikuniuliza. Vilisimama vyenyewe, pembeni ya titi. Punje. Imejishikiza.

Wanangu, niliogopa woga ambao sijui niufananishe na nini. Masikio yaliziba. Nilimsikia Bi Kidawa anaendelea na hadithi yake kwa mbali. Nikarudia kupitisha mkono, mara hii polepole, na nikajiona mwenyewe vidole vinakuwa vyepesi, vinataka kupita juu. Nikasema moyoni, hakuna, ni tezi, ni umri wake. Na palepale nikaisikia sauti ya Bi Shamsa, Kiswahili chake kile cha kugomba. Mkono wangu ulikuwa unatamani. Haufai.

Nikainuka, nikasema kiuno kimenikaza. "Somo, nisaidie upande huu, mimi nichanganye singo nyingine." Nikaupa ukuta uso wangu, nisije nikaukunja.

Bi Kidawa hakujua kitu. Akahamia kushoto, mdomo haujafungwa, anasimulia juu ya bwana harusi mmoja aliyekimbia kufuata kofia yake. Nilisikia kiganja chake kinavyokwenda juu ya ile singo kavu, kwaruza, kwaruza. Nikawa naomba. Endelea tu, Kidawa, maliza hadithi yako.

Hadithi ikakatika katikati. Kiganja kikanyamaza.

Nilipogeuka, Bi Kidawa alikuwa ananitazama, na mkono wake uko palepale. Rukia akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema, tena kwa sauti ya mtu anayetulizwa roho, "Mmekiona?"

"Ulikuwa unakijua?" nikamuuliza.

"Muda, shangazi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Unanisubiri mimi nifanye nini?"

"Si una chanjo?"

Hapo nikakaa chini kwenye mkeka na singo mikononi. Mtoto alikuwa amekihisi kitu kile, akakificha, akalala nacho na kuamka nacho bila wasiwasi, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imemwambia kuwa shangazi anakuja na kinga. Habari nusu ilikuwa imemfikia kwa upole, bila kelele, na yeye akamwachia adui njia.

Mama yake akaitwa. Wifi yangu si mtu mbaya, na sitaki mmfikirie vibaya. Alikuwa na nyumba imejaa wageni, mchele umeshalowekwa, kadi zimeshakwenda hadi Jibondo. Akapapasa yeye mwenyewe haraka haraka, akasema, "Jipu tu hili. Hasadi za watu. Wifi, usiniletee balaa ndani ya shughuli."

"Mize, apande feri akapimwe."

"Atapanda. Tumalize shughuli kwanza, akishatulia kwa mumewe ataenda. Huko upande wa pili wakisikia, nani atamtaka mwanangu?"

Nikaikumbuka ile gari iliyokuwa inangoja nje kwenda Nizwa. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikalia, mimi mtu mzima, mbele ya bi harusi.

Rukia ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa katikati yetu, manjano mwili mzima, hina bado mbichi viganjani, kainua mikono isiguse kitu. "Shangazi, wale panya wenu. Mliwachanja kabla au baada?"

"Kabla, mama. Tuliwachanja wakiwa wazima."

"Na wale waliokuwa nacho tayari?"

Bi Mize akanikodolea macho, nimtulize mtoto. Niliogopa kumjibu kuliko nilivyowahi kuogopa chochote ndani ya ile maabara. Nikamwambia, "Tuliwajaribu nao. Wachache kilichelewa kukua. Wengi hakikuwasaidia kitu. Cha kuwasaidia kilikuwa kukitoa kikiwa bado kidogo."

Kisha akamwambia somo wake, "Nipe maji niyaondoe haya manjano."

Tuliondoka kesho yake. Daktari wa hapa alimpapasa, naye hatukumwambia ni upande gani, nikamwomba Rukia asimwonyeshe. Mkono wake ulisimama palepale. Akatuandikia rufaa siku ileile. Ndani ya feri ya Nyamisati abiria waliona hina wakampa Rukia hongera, na yeye akawa anaitikia, "Ahsanteni," mmoja mmoja, mpaka nikamfunika mikono na kanga yangu. Dar es Salaam manesi nao, "Hongera bi harusi," huku wanamchoma sindano ya kutoa kipimo. Majibu tulisubiri kwa jamaa, Mbagala. Katika kusubiri kule nilijua kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukifikiria: panya hajui kwamba tunasubiri. Mtu anajua.

Ilikuwa saratani. Ilikuwa ndogo, haijafika kwenye tezi za kwapa. Ikatolewa. Akapewa dawa zilizomnyoa nywele na kumtapisha, na Bi Mize akawa analala chini kando ya kitanda chake, hakunitazama usoni mpaka siku moja aliponiletea uji na mimi, akasema tu, "Kunywa, wifi." Haji alisubiri. Mpaka leo sijui mwanzoni alisubiri kwa mapenzi au kwa kuona haya, lakini alisubiri, na nikaha ilifungwa kimyakimya baada ya swala, bi harusi kajitanda ushungi juu ya kichwa kisicho na nywele.

Tangu hapo, pamoja na kliniki yake ya Dar, Rukia huja kwangu kila mwezi. Huja na Bi Kidawa, ambaye sasa ananiita "daktari wangu" na mimi namwita "mkono wangu". Mmoja anapapasa, mwingine anasubiri uani. Kisha tunabadilishana. Hatuambiani mpaka wote tumemaliza. Kila mara kabla sijamgusa, mikono yangu inakuwa ya baridi, hata jua liwe la utosini, naisugua weee na haipati joto. Na kila mara imekuwa hakuna. Tunatoka uani tunasema pamoja, hakuna, na Bi Kidawa anatia chai.

Nilikuwa nataka niishie hapo, wanangu. Hapo pangewatia moyo, mwalimu angefurahi.

Lakini jana alikuja. Nilianza mimi. Kushoto hapakuwa na kitu. Nikaenda kulia, juu kidogo, karibu na kwapa, mahali ambapo sikuwa na wasiwasi napo.

Mkono ukasimama.

Sikukunja uso. Miaka yote ile Bi Shamsa alinifundisha kutokunja uso, na jana niliuweka uso wangu kama sahani. Nikasema, "Haya, mwite mwenzangu," nikatoka uani, nikakaa juu ya kinu. Niliwasikia ndani. Bi Kidawa alikuwa anasimulia habari ya mkwewe wa Baleni na kuku walioingia chumbani. Nikashika mikono yangu miwili pamoja nikawa naomba, kama siku ile, endelea tu, Kidawa, maliza na kuku wako.

Akanyamaza.

Nikarudi ndani. Rukia alikuwa ameshakaa, anavaa blauzi yake, anafunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Ametusikia siku nyingi, na ukimya wetu anaujua. Hakuuliza ni nini. Hakuniuliza habari ya chanjo.

"Shangazi," akasema, "feri ya kesho ni saa ngapi?"

Nikamwambia inategemea maji kujaa, lakini sisi tutakuwa gatini alfajiri.